Malalamiko: chakula cha vifaranga chenye ukungu

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Pasua, Moshi, mteja wenu wa muda mrefu tu, naandika hii barua kwasababu simu nimepiga mpaka nimechoka na yule kijana wenu wa huduma kwa wateja kila nikimpata ananipa jibu lilelile, eti ni baridi ya Moshi inaua vifaranga.

Sio baridi. Matetea wangu watatu walitotoa kwa pamoja, vifaranga wa wawili nikawaingiza bruda, kile chumba cha kulelea vifaranga kwa joto la jiko, ili mama zao warudi kutaga mapema, wa yule wa tatu nikamwachia anazunguka nao uani wanachakura, wanakula pumba, mchwa na makombo ya makande. Wale wa bruda walianza na stata, yaani chakula cha vifaranga, iliyobaki kwenye mfuko wa zamani, wakawa wazima kabisa wanakimbizana, tumefungua tu huu mfuko mpya wa kwenu haikuchukua muda wakaanza kuzubaa. Unamkuta kifaranga amesimama peke yake mabawa yameshuka, shingo kainyoosha juu, mdomo wazi anavuta hewa, kifua kinapanda na kushuka lakini sauti hamna, hakoromi wala halii. Asubuhi unaokota maiti. Mwenye baridi jamani si anajikusanya na wenzake kwenye jiko na kulia usiku kucha? Na hao wa uani ambao hata jiko hawalijui mbona hajafa hata mmoja? Ingekuwa kideri ndio kabisa, kingepita na matetea pia.

Kijana wenu akaniambia ninunue OTC, ile antibayotiki, nichanganye kwenye maji. Nikanunua, hela ikaenda, vifaranga wakaendelea kufa vilevile. Ikabidi nimuite dokta wa mifugo, akampasua mmoja mbele yangu pale kwenye karai, mapafu yana vipele vya njano njano kama punje za ulezi, akaniambia haya ni mambo ya fangasi, kifaranga anavuta vumbi la ukungu inaingia mpaka kwenye mapafu, na antibayotiki haiui fangasi, kwa kifaranga dawa ya maana hamna zaidi ya kuondoa kinachomletea ukungu. Ndio akauliza chakula kiko wapi.

Tukamwaga ule mfuko kwenye turubai. Juu uko safi, ila chini kuna mabonge magumu, ukilivunja ndani lina rangi ya kijani kijivu na vumbi linaruka, harufu kama nguo zilizokaa na maji wiki nzima. Maranda msiyasingizie, yalikuwa makavu, ni yaleyale waliyolalia tangu mwanzo wakiwa wazima. Na mfuko wenyewe hauna tarehe ya kutengenezwa, pale kwenye mshono kuna kikaratasi kimechanika nusu, sasa mtu atajuaje umekaa stoo tangu masika au umetoka jana? Tulipoutoa na kubadilisha maranda yote vifo vikakata, ingawa waliobaki wengine wamedumaa.

Ninachotaka ni hela ya mfuko, hela ya OTC mliyoniambia ninunue, na fidia ya vifaranga. Pia mkatoe mifuko ya mzigo huohuo kwenye maduka ya agroveti hapa mjini maana najua sio mimi tu niliyeuziwa, kuna akina mama huku wamekopa vikoba wakaanzisha kuku, hao mnawamaliza. Kama mnabisha, chakula kingine nimekihifadhi, twende kikapimwe maabara ya mifugo ya serikali, TVLA Arusha, mkute na nyie mpo.

Mje wenyewe, na msimtume yule kijana wa simu, aje anayehusika na stoo. Mfuko upo, risiti ipo, picha na video nilishawatumia WhatsApp na tiki zimekuwa za bluu toka Jumatatu.

Mama Neema,
Pasua, Moshi