Kabla ya Kununua Ekzosi: Namna ya Kupunguza Muda wa Robo Maili kwa Gari la Kila Siku

Mteja akija kwetu gereji akitaka gari lake limalize robo maili kwa muda mfupi zaidi, mara nyingi ameshaamua cha kununua: ekzosi pana, filta ya hewa ya wazi, pengine na kuandikiwa upya programu ya kompyuta ya injini. Sisi humwomba kitu kimoja kwanza, karatasi ya muda aliyopewa kwenye uwanja wa mbio. Kama hana, tunamshauri akimbize gari jinsi lilivyo, kisha aje nayo. Karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha pesa zake ziende wapi, na kwa magari mengi ya kawaida huonyesha kwamba bado hazijahitajika.

Robo maili ni mita 402. Karatasi ina namba kadhaa, lakini tatu ndizo zenye kazi: muda wote wa mbio, kasi ya gari likivuka mstari wa mwisho, na muda wa futi 60 za kwanza, yaani mita 18. Watu hutazama ya kwanza na kuiweka karatasi mfukoni. Sisi huanza na kasi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo kipimo cha nguvu ya injini ikilinganishwa na uzito wa gari. Dereva akiondoka vibaya, matairi yakazunguka papo hapo bila kushika, muda wake huharibika sana lakini kasi ya mwisho haishuki kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo kasi ikiwa nzuri na muda ukiwa mbaya, tatizo liko kwenye kuondoka, na hakuna ekzosi itakayolitibu. Kasi ikiwa ndogo kuliko inavyotarajiwa kwa gari la aina hiyo, hapo ndipo tunafungua boneti.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: saa yako haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza gurudumu la mbele linapouacha mwale wa sensa wa mstari wa kuanzia. Ukiwa unatafuta muda wako mwenyewe, si kumshinda wa pembeni, tulia, weka gari sawa, ondoka ukiwa tayari. Tena unapojipanga, simama mara tu taa ya pili ya kujipanga (inayoonyesha gurudumu limefika mstarini) inapowaka, usisogee zaidi. Hapo gurudumu hupata nafasi ndogo ya kuanza kubingirika kabla saa haijaanza kuhesabu, na nafasi hiyo peke yake inaweza kukupa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Sasa hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayomlinda mteja. Muda wa robo maili hufuata kipeuo cha tatu cha uzito ukigawanywa kwa nguvu. Maana yake ni kwamba ukiongeza nguvu ya injini kwa asilimia 10, muda hupungua kwa asilimia 3 tu. Hata ukiizidisha nguvu maradufu, muda hupungua kwa takriban moja ya tano. Chukua Toyota Fielder ya cc 1,500, nguvu za farasi kama 108, uzito wa kilo 1,200 dereva akiwa ndani. Kanuni hiyo inatoa sekunde 17 hivi. Asilimia 10 ya nguvu kwa injini ndogo isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia injini hewa) ni kazi kubwa na ghali, na itakupa nusu sekunde. Sehemu nzuri ya nusu sekunde hiyo unaweza kuipata kwa mguu wako na kipimo cha upepo wa tairi.

Lakini hizo sekunde 17 ni za usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 16. Injini inayovuta hewa yenyewe bila tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na Fielder ileile huku juu inakaribia sekunde 18. Tunalisema hili kwa sababu vijana wengi hujipima kwa video za Japani au Marekani, wakaona gari lao limekufa, wakaanza kubadilisha vipuri vizima. Hata Wamarekani wanalijua hili. Uwanja wa Bandimere karibu na Denver, uliofunguliwa mwaka 1958 na kufungwa 2023, ulikuwa kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Nairobi, na NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani, kilikuwa na viwango maalumu vya kurekebisha muda wa magari ya madaraja kadhaa yaliyokimbia pale. Gari lenye tabo huumia kidogo kuliko hapo, pengine nusu au chini yake, kutegemea jinsi lilivyopangwa, kwa sababu tabo hujaribu kuifidia hewa iliyopungua.

Turudi kwenye mita 18 za kwanza, kwa kuwa huko ndiko kuliko na utajiri. Ukiokoa sehemu ya kumi ya sekunde pale, mwisho wa uwanja huwa umeokoa zaidi ya hiyo, kama sehemu moja na nusu, kwa sababu faida hiyo unasafiri nayo njia nzima. Anza na matairi. Soma namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini mpira uliokauka kwa uzee halishiki, na kwa mitumba ya matairi tunaliona hili kila mara. Pesa yako ya kwanza, kama ni lazima utumie, iwe ya matairi mawili mazuri kwenye magurudumu yanayosukuma.

Kisha presha. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, punguza upepo wa matairi ya mbele psi chache chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, na ya nyuma yabaki kwenye kiwango. Shuka psi mbili kila mbio ukiangalia muda wa futi 60. Ukiacha kupungua, umefika. Tairi la kawaida tusilishushe chini ya psi 24, kwani ukuta wake huanza kuyumba mwishoni pale kasi inapokuwa kubwa. Na kabla ya kutoka uwanjani kurudi nyumbani, jaza upya. Hili tunalisisitiza kwa kila mteja. Usipite kwenye maji yaliyomwagwa kwa ajili ya magari yenye matairi laini ya mashindano. Mifereji ya tairi lako itayabeba hadi mstarini na utateleza. Zungusha matairi kidogo pakavu, vumbi litoke, inatosha.

Kwa gia ya mkono, usiiachie klachi kwa kishindo. Shika mizunguko ya injini kati ya 2,500 na 3,500 kwa dakika, achia klachi taratibu hadi ishike, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne awe mwangalifu zaidi: matairi yake hayatelezi kirahisi, kwa hiyo kishindo chote huishia kwenye meno ya gia na shafti. Mwenye otomatiki ya CVT (isiyo na hatua za gia) asikanyage breki na mafuta pamoja kwa muda mrefu. Joto linaloingia kwenye oili ya gia kwa sekunde hizo ni adui, na gia hiyo ni ghali kuliko furaha ya siku moja.

Uzito ni rahisi. Toa tairi la akiba, jeki, mizigo ya buti, na rafiki abaki nje. Petroli ina uzito wa kilo 0.75 kwa lita, basi lita 30 usizozihitaji ni kilo 22.5. Mikanda na mifuko ya hewa haiguswi.

Upande wa injini, kazi yetu kubwa ni kuirudishia ilichotoka nacho kiwandani. Plagi zilizoisha, filta iliyojaa vumbi la barabara, sensa ya hewa chafu, breki inayokamata (inua gari, zungusha gurudumu kwa mkono, utajua). Filta ya wazi iliyofungwa juu ya injini ya moto huvuta hewa ya moto: hewa ikipanda nyuzi 10 inakuwa nyepesi kwa asilimia 3, na umenunua hasara yenye sauti nzuri. Zima kiyoyozi, fungua boneti kati ya mbio, kimbia asubuhi.

Petroli ya okteni ya juu haiongezi kitu kwa Vitz au Fielder, ambazo zilipangwa kwa petroli ya kawaida ya Japani. Subaru ya tabo ni habari nyingine. Nyingi za hizo zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye okteni karibu 100. Ukitia ya chini, kompyuta ikisikia injini inagonga hurudisha nyuma muda wa kuwasha, na nguvu inapotea kimyakimya. Hapo lipia mafuta bora.

Haya yote ni ya uwanjani, kwenye tukio lenye ruhusa, ambulensi na watu wa usalama. Anayetaka gari lipangwe kwa ajili ya Thika Road usiku, hatutalishika. Kuna watu wanavuka barabara hiyo wakitoka kazini. Na vaa helmeti hata kama gari lako ni la sekunde 18. NHRA huilazimisha kuanzia sekunde 13.99 kushuka, sisi tunaiomba kwa kila mteja.

Ukitaka tukukague, lete gari likiwa limepoa, pamoja na karatasi zako zote za muda, hata zile mbaya. Tunapima mgandamizo wa silinda, plagi, breki, alaimenti na kusoma kompyuta, kisha tunakuandikia cha kurekebisha kwa mpangilio, cha bei ndogo kikitangulia. Uende ukakimbie tena kabla ya kununua chochote kilicho chini ya orodha.