Kila Jumatatu: "Mambo?"

Habari za jioni, wapendwa mnaotumia dawa za presha. Kuanzia Jumatatu hii nitamtumia kila mmoja ujumbe wa neno moja, "Mambo?", inbox, si humu kwenye grupu. Jibu "Sawa" au "Shida" ndani ya siku mbili. Ukijibu "Shida", au ukinyamaza, nitakupigia.

Utaratibu huu ulijaribiwa Kenya kwa wanaotumia ARV (dawa za VVU), matokeo yakatoka 2010: asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya 50 ya wasiotumiwa. Dawa za presha nazo ni za kila siku, na wengi huziacha wakijisikia nafuu. Jamani, msiziache bila daktari kusema. Zikikuishia na hela huna, hiyo pia ni "Shida". Asiye na bando atume meseji ya kawaida.