Tuliandikishwa bondeni, kura tukapigia mlimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie kilima.

Mimi ni dereva wa bajaji. Kijiwe chetu kiko Kimara, pembeni ya Barabara ya Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kazi hii. Anayeijua Kimara anajua kwamba ukishaiacha lami ni mabonde na vilima tu, mlango wa jirani wa juu unatazamana na paa lako. Sisi wa bondeni ndio wenye paa.

Oktoba 2024, tulipojiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, zoezi lile la tarehe 11 hadi 20, karani aliwekewa meza chini ya mwembe, hapa hapa bondeni, jirani na duka la mkaa. Bibi yetu mmoja, jirani yangu ukuta kwa ukuta, alibandika maharage, akaenda kujiandikisha, akarudi maharage hata hayajaanza kulainika. Alifurahi sana. Akaniambia, "Mjukuu wangu, safari hii serikali imenikumbuka."

Novemba 27 ikafika, ubao ukasema kura zinapigwa shule ya msingi. Shule iko juu.

Kwa macho ni pua na mdomo. Ukisimama mlangoni kwa Bibi unaiona bendera ya shule inapepea. Kwa miguu ni habari nyingine. Unapita njia ya korongo, halafu unapanda ngazi za viroba vya mchanga ambazo vijana walizipanga miaka iliyopita na nusu yake zimeshapasuka. Wiki ile kulikuwa na bomba linavuja tangu Jumapili, maji yanateremka katikati ya njia, udongo mwekundu umekuwa kama sabuni. Bajaji haipandi hapo. Inabidi urudi mpaka lami, uende kituo kinachofuata, ukate kulia, uzunguke kwa nyuma, kama kilomita tatu hivi. Kwa siku ya kawaida hiyo ni elfu mbili, na hapo umemhurumia abiria. Kwenda na kurudi elfu nne, yaani unga wa siku mbili kwa mtu kama Bibi, ili tu akamchague mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake.

Nikaamua kupakia wazee bure. Nilipiga safari saba. Safari ya tatu kijana mmoja akanisimamisha getini, "Kaka, chama gani kinakulipa?" Nikamwambia Chama cha Magoti. Hakucheka. Akatoa simu akapiga picha namba za bajaji yangu, na mpaka leo sijui alizipeleka wapi.

Sasa tufike shuleni. Nisiwe mwongo, foleni Bibi hakupanga. Mgambo alipouona mkongojo wake alimwita mbele mara moja, na watu wakampisha bila manung'uniko. Kwa hilo nawapongeza. Lakini majina yamegawanywa kwa herufi katika vyumba vitatu, na jina la Bibi linaanza na Z. Darasa la Z liko mwisho wa baraza. Mlangoni pana ngazi tatu za saruji, ndefu, zimejengwa kwa miguu ya watoto wanaoruka. Bibi alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, bega langu kwa mkono mwingine, akapumzika katika kila ngazi kama mtu anayepanda minazi. Alipomaliza kupiga kura alikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la kwanza, magoti yakamfika kifuani, akaomba maji.

Na huyo ana miguu. Fundi viatu wetu wa kijiweni hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Baiskeli haiingii kwenye bajaji. Tuliiacha kwa muuza chipsi, tukampakia yeye, na kufika kwenye zile ngazi vijana wawili wakambeba juu juu. Ni mtu wa maneno mengi, siku nzima pale kijiweni hatupumziki na utani wake. Alipobebwa alinyamaza kimya, akawa anaangalia dari ya baraza. Hata baadaye hatukulizungumza.

Ibara ya 5 ya Katiba yetu inasema kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18 anayo haki ya kupiga kura. Habari ya magoti haimo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu nayo ipo tangu 2010.

Nilimuuliza mmoja wa wahusika kwa nini shule. Majibu yake yalikuwa na akili, siwezi kuyadharau. Shule ni mali ya umma, haina mwenye nyumba aliyevaa fulana ya chama. Ina vyoo. Ina milango ya kufunga, na kwa kuwa kura zinahesabiwa pale pale kituoni, kunahitajika ukuta na taa. Nakubaliana naye kwamba kituo kisiwekwe sebuleni kwa mtu, wala kanisani, wala msikitini. Hata baa nakubali isiwe, ingawa, tusemezane ukweli, sehemu iliyonyooka kuliko zote bondeni kwetu ni uwanja wa baa.

Lakini ule mwembe ulikosa nini? Uwanja wake ni wa wazi, ni tambarare, baiskeli ya fundi viatu inafika mpaka kwenye shina. Turubai linakodishwa, misiba yote ya mtaa huu tunafunga maturubai na hakuna maiti aliyelalamika. Choo, nyumba nne zinazouzunguka zingejitolea. Taa, siku hizi hata muuza karanga ana taa ya sola, na kura zinafungwa saa 10 jioni, giza bado liko mbali. Kama karani aliaminiwa kukaa pale siku kumi na kitabu cha majina yetu, sanduku lingeshindwaje kukaa siku moja?

Naandika sasa, Desemba 2024, kwa sababu mwakani, 2025, ni Uchaguzi Mkuu. Najua wasimamizi si wale wale. Huu wa mitaa ulikuwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, ule ni wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa Kigoma Julai 20, 2024, na hadi naandika barua hii ulikuwa haujatufikia Dar es Salaam. Kwenye daftari hilo, pale unapojiandikisha ndipo kituo chako kinapohesabiwa. Kwa hiyo meza ya karani ikikosewa mahali, na kura imeshakosewa. Kulalamika wiki ya uchaguzi, majina yakiwa yameshabandikwa ukutani, ni kazi bure.

Sisemi kila kituo kishushwe bondeni. Wenzetu wa Jangwani wana shida iliyo kinyume na yetu, kwao bonde ndilo adui, mto ukijaa hakuna kituo. Na hapa hapa Kimara wapo watakaolazimika kuvuka barabara ya njia nane kama kituo kitawekwa ng'ambo, na ile si barabara ya kumvusha mzee. Kila mtaa una kilima chake. Ofisini, kwenye ramani, hivyo vitu havionekani. Waulizwe madereva wa bajaji na bodaboda, waulizwe kina mama wanaochota maji, wanajua njia ipi inapitika mwezi wa vuli na ipi ni ya kuvunja nyonga.

Mimi nipo kijiweni kila siku kuanzia saa 12 asubuhi. Afisa atakayepewa kazi ya kupanga vituo vya huku kwetu aje, nitampeleka bure mpaka pale bomba linapovuja, maana bado linavuja. Kutoka hapo ashuke atembee. Bibi amesema atatangulia naye kumwonyesha njia, ila aje asubuhi kabla jua halijawa kali, na asiwe na haraka.

Dereva wa bajaji,
Kimara, Dar es Salaam.