Barua kwa mwanangu: bibi yako asikalishwe

Machame, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili simu nimeibana sikioni ili bibi yako asisikie. Umesema chumba cha bibi huko Dar kiko tayari, godoro umenunua, dada wa kazi umempata, na kwamba atamfanyia kila kitu, bibi asiinue hata kijiko, ameshafanya kazi ya kutosha. Mungu akubariki. Si kila mjukuu angefanya hivyo, na shangazi zako nimewaambia bila kuficha. Lakini hilo neno la kijiko limeninyima usingizi. Ndiyo maana naandika. Nikipiga utaniambia uko kwenye foleni.

Usimkalishe. Mengine yote ukisahau, hilo usisahau.

Desemba ulimwona ukasema kazeeka ghafla. Hakuzeeka ghafla, na ungemwona Septemba ungesema nini? Aprili aliteleza kwenye tope kule chini ya migomba. Hakuvunjika, goti lilivimba tu. Akawekwa kitandani wiki tatu. Alipoulizia jembe akaambiwa mpini umekatika. Ng'ombe akauzwa Mei, kwa kuwa kukata majani ndiko kulikomtoa nje. Nilimuuza mimi, nawe ukasema vizuri Baba, apumzike. Hela ndiyo hizo bati za jikoni, usiziulize tena.

Daktari wa Moshi aliniambia kuna wazee wazima waliokubali kulala kitandani siku 10 ili wapimwe. Siku 10 tu, miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya nyama. Nikahesabu siku zangu, nikanyamaza.

Kufika Agosti uji anaacha nusu kikombe. Kanga iliyokuwa inamtosha ikawa inamzunguka mara mbili. Ukimuuliza una nini, anasema mwili umekataa. Kila siku mwili. Hakuwahi kusema ana huzuni, wala sijui kwa Kimachame angelisemaje hilo, na mimi mtoto wake wa mwisho niliyebaki naye kihambani, kwenye migomba yetu ya nyumbani, miaka yote hii nikasikia mwili tu. Halafu usingizi ukapotea. Vikatafutwa vidonge vya amitriptilini, vinavyoleta usingizi, duka la dawa, bila cheti. Nani alivinunua si hoja sasa. Usiku akiamka kwenda chooni kizunguzungu kinampeleka ukutani, akaanguka mara ya pili, na baada ya hapo akaogopa kutembea hata mchana. Daktari alivipunguza kidogo kidogo mpaka vikaisha. Kwa hiyo huko Dar asipewe kidonge cha usingizi, hata jirani yako akiapa kuwa kilimponya mama yake.

Wewe ulidhani Oktoba nilimpeleka kwa ajili ya presha. Daktari alimketisha kitini, akapima mita 3 sakafuni, akamwambia: bibi, inuka, nenda mpaka kwenye mstari, geuka, rudi ukae. Mimi nimesimama pembeni na mkoba wake. Alisukuma mikono ya kiti mara mbili ndipo akainuka. Alipofika kwenye mstari akasimama kabisa, akaitazama miguu yake, ndipo akaanza kugeuka, hatua fupi fupi kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Sekunde 27. Kwa wao, kuanzia 12 wanaanza kuhofia kuanguka.

Kisha akanieleza dalili 5 ambazo daktari mmoja wa Marekani, Linda Fried, na wenzake walizipanga mwaka 2001: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kubana, mwendo kuwa wa polepole, na kutojishughulisha. Ukiwa nazo 3, mwili wako umeshakuwa dhaifu. Bibi yako alikuwa nazo zote. Lakini kilichonikaa ni hiyo ya uchovu. Haipimwi kwa mashine, unaulizwa tu: wiki iliyopita, siku ngapi uliona kila unachofanya ni mzigo? Siku ngapi ulishindwa hata kuanza? Daktari akasema maswali hayo mawili yametolewa kwenye dodoso la sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Anayetafuta udhaifu wa mwili na anayetafuta ugonjwa wa moyo kuinama wanauliza kitu kilekile! Bibi akajibu zote saba, akalia. Sijamwona akilia tangu tumzike babu yako. Leso sikuwa nayo, akajifuta kwa upindo wa kanga.

Kipi kilitangulia, miguu au moyo, daktari hakutaka kusema. Alisema kimoja kinamvuta mwenzake. Mimi nakumbuka mama mjane wa hapo juu alipokuja kumsalimia, akamuuliza siku hizi unafanya nini. Akajibu: nalishwa.

Basi usimkalishe. Tangu Novemba kuku ni wake, pumba anachota mwenyewe, nami nimejifunza kukaa kitako nikimwangalia anavyohangaika na mlango wa banda, jambo gumu kuliko unavyodhani. Asubuhi na jioni ainuke kitini na kukaa mara 5, ameshika meza. Yai kila siku, maharage, maziwa. Mtori peke yake hautoshi hata kama ndio anaoupenda. Vidonge vya kuongeza damu vimebaki vya wiki mbili. Januari nilimpima kwa saa yangu ya mkononi, sekunde 19. Ukimpeleka kliniki uliza dirisha la wazee, ameshapita miaka 60 zamani, na uliza kama atasamehewa malipo.

Kwako kuna ngazi mpaka ghorofa ya tatu na hakuna kihamba. Mpe mchele achambue, maharage apukuchue, mchicha auoteshe kwenye ndoo hapo barazani. Usimpe kazi ya kumdanganya, atajua. Akili yake ni nzima. Wale watafiti wanaopima kumbukumbu za wazee huku Hai walipomwambia apange njiti za kibiriti kama walivyozipanga wao, alizipanga, kisha akauliza kama wanaziacha, maana kibiriti chetu kilikuwa kimeisha. Linalonitisha zaidi ni nani ataongea naye Kimachame kutwa nzima. Mwanao hajui hata kusalimia, hilo nimelisema zamani ukakasirika. Mpigie shangazi yako jioni umpe bibi simu. Nawe unapopiga huku huwa unaniuliza mimi hali yake, yeye amekaa hapohapo, anasikia.

Operesheni yangu ya tezi dume ni ndogo, usiifanye habari ya ukoo. Wiki sita, halafu namfuata mwenyewe. Nimemwambia ni wiki sita na wewe umwambie hivyo hivyo. Mimi nakula vizuri. Nimepungua kidogo kwa sababu ya mizunguko ya hospitali.

Mnunuzi wa parachichi amekuja, anataka kuchuma yote kwa bei ya mwaka jana, nimemkatalia. Zamu yetu ya maji ya mfereji imehamishwa kuwa Ijumaa usiku, sijui kijana wa kuchepusha nitamtoa wapi nikiwa nimelazwa. Mdogo wako amesema atakuja. Amesema.

Basi ni Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Mjomba wako atasafiri naye, nimemwambia basi likisimama Korogwe amshushe atembee, asikubali akisema yuko sawa, magoti yakikaa safari nzima hayafunguki. Nimemfungia kigoda chake kwenye kiroba pamoja na ndizi, na ungo ule wake mdogo. Utamkuta amevaa sweta kwenye joto la Dar, usimvue, atavua mwenyewe.

Na ufunguo wa stoo, Desemba uliuweka wapi? Nimetafuta mpaka kwenye kopo la chumvi. Pumba ya kuku iko humo.

Baba yako