Risala ya Klabu ya Midahalo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, wazazi, walimu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kufika mwenyewe, maana tumezoea kupokea wawakilishi.

Klabu yetu ilianza kama kipindi cha Ijumaa cha kujizoeza Kiingereza, ikakua hadi hapa unapoiona. Mafanikio ni mengi. Tumeingia tatu bora katika mdahalo wa kata uliokutanisha shule nne. Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, tulitetea hoja ya mtoto kusikilizwa nyumbani, na wazazi wakatupigia makofi, ingawa utekelezaji bado. Wapo wanachama waliokuwa wakiinamia dawati wakiulizwa swali. Leo wanasimama na hoja ya utaratibu hata katikati ya somo la Hisabati, jambo ambalo walimu wametuomba tulipunguze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto za nauli, vitabu na magazeti tumeziandika kwenye nakala utakayokabidhiwa. Kwa kujali muda wako, hapa tunaomba kusema moja tu: ukumbi.

Midahalo yetu hufanyika chini ya ule mwembe nyuma ya ofisi. Msimu wa maembe mzungumzaji hutetea hoja huku akitazama juu. Upepo ukivuma, karatasi za upande unaopinga huishia mikononi mwa upande unaounga mkono. Mvua ikinyesha ndiyo basi, kila mtu na kwao, mshindi hajapatikana. Muhula uliopita tulialika shule jirani. Mchangiaji wao wa pili alipofika hoja ya tatu, mvua ikashuka. Mpaka leo wanadai walikuwa wanaongoza.

Mheshimiwa, si kwamba tumekaa tukisubiri kusaidiwa. Wazazi walichangia tofali, sisi tukasomba mchanga na maji, na boma lile unaloliona kulia kwako likafika kwenye lenta. Mwaka juzi, mgeni rasmi aliyesimama hapo uliposimama wewe alilitazama, akaguswa, akaahidi bati zote na mbao za kenchi kabla ya masika. Tulimpigia makofi ya kilo. Masika yamepita mara mbili. Tuliandika barua ya kukumbushia, tukajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Tuliandika nyingine, tukajibiwa vilevile. Barua zote tumeziambatisha. Hatumlaumu mtu, majukumu ya viongozi ni mengi. Ila nondo zimeota kutu, ndani yameota majani, na mbuzi wa jirani wanautumia ukumbi kuliko klabu.

Tunaomba bati 120 za geji 28, mbao za kenchi na misumari. Fundi yupo, ni mzazi wetu, amekubali kupaua kwa nusu ya malipo. Dari na viti hatuombi leo. Kama Mfuko wa Jimbo umeshapangiwa kazi nyingine, tutashukuru kuambiwa hapahapa, ili wazazi wajipange upya. Na kama jibu ni ndiyo, tunaomba, kwa heshima zote, utaje na tarehe. Katibu wetu ameshika kalamu, na mtunza muda ameagizwa asikugongee kengele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Midahalo