Vigingi vya fundi wako

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, goti langu tu. Mdogo wako kanisomea ujumbe wako kwamba fundi anaanza msingi wiki hii, vyumba viwili vya kupangisha hapa uani. Nimefurahi, maana wenzako wakishika pesa hawakumbuki kwao. Lakini mimi ninayelala hapa mbona hukuniuliza?

Fundi kapiga vigingi na kuvuta kamba kutoka jikoni hadi kwenye mchikichi. Kamba inapita juu ya shimo la choo cha zamani. Shimo lile lilifukiwa kwa majivu na vifusi, na kila masika udongo unatitia. Namwaga kokoto, zinazama. Hivi sasa pana kibonde, kuku wanakunywa maji humo. Nimemwambia fundi, ananijibu ataongeza nondo na zege. Zege zito juu ya udongo uliolegea si ndiyo linazidi kuuzamisha? Ukuta utapasuka kabla mpangaji hajaingiza kitanda. Avute kamba aje upande wangu, nafasi ipo. Asisogee kwa jirani, maji ya bati yakamwagikia tukaanza kesi.

Anasema pia nyumba ya uani haina haja ya kibali. Mpe mdogo wako ramani na nakala ya hati aende nazo manispaa. Siku wakija kuchora X nyekundu ukutani, fundi atakuwa Kasulu kwenye kazi nyingine.

Umeme wa mpangaji usitoke kwenye mita yangu. LUKU ndiyo hiyo hiyo inakatwa kodi ya jengo tangu 2021, nikinunua ya elfu tano nusu ya uniti siioni. Ukiomba mita ya pili, ulizia kwanza hiyo kodi itakatwa wapi, tusilipe mara mbili.

Na mchikichi usiguswe, mawese ya nyumba hii yanatoka pale. Shimo, baba, shimo. Karo jipya la maji machafu nalo lisiwe karibu na kisima.

Dagaa wako nimewakausha, watakuja na treni, mke wako awaanike tena kidogo wakifika. Ada ya mdogo wako bado haijatimia. Pesa ya bati usimtumie fundi mkononi, tununue wenyewe hapa Mwanga. Kuhusu vigingi, mpigie fundi simu leo, jioni hii hii, kesho anakuja na vibarua wa kuchimba.

Mama yako