Tupime mto kabla ya kukodi pampu

Ndugu Mhariri,

Kila kiangazi hali ni ileile kwenye mabonde ya Chunya. Habari zinaenea kwamba kijito fulani kimetema dhahabu, na siku chache baadaye watu wamekodi pampu, wamefukua katikati ya mkondo na kuosha mchanga wa juu usiku na mchana. Wengi huambulia vumbi la kulipia dizeli tu. Mto unabaki mashimo matupu. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja: eneo la dhahabu ya mtoni huchaguliwa kwa karai ya kuoshea mchanga na kwa hesabu, tena kabla ya kutoa hata shilingi moja ya pampu.

Tuanze na uzito. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, wakati jiwe jeupe la kwatzi halifiki hata mara 3. Mto huisogeza dhahabu ukiwa na nguvu ya mafuriko, na kasi ikipungua kidogo tu, dhahabu inaanguka ya kwanza. Kwa hiyo tutafute pale maji yanapochoka: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa upande wa kushukia maji, mahali bonde jembamba linapofunguka, na chini kidogo ya makutano ya vijito viwili. Katika mafuriko dhahabu hufuata njia fupi, kutoka kona ya ndani hadi kona ya ndani inayofuata. Shimo lililo chini kabisa ya maporomoko huwavutia wengi, lakini maji ya pale yanachemka na kurusha kila kitu nje. Jaribu kwanza mwisho wa shimo, maji yanapotulia.

Kosa kubwa zaidi ni la kina. Mchanga wa juu ya kona mara nyingi huonyesha vipande vyembamba vinavyong'aa, vilivyoletwa na mafuriko ya msimu uliopita. Vinatia moyo, kisha sentimita chache chini vinaisha. Dhahabu nzito iko kwenye kokoto zinazokaa juu ya mwamba wa chini, na ndani ya nyufa za mwamba wenyewe. Mwamba laini uliosuguliwa hauna kitu cha kuizuia. Mwamba wa tabaka zilizosimama kukata mkondo huishika kama meno ya kitana, na nyufa zake zinastahili kukwanguliwa kwa kijiko na brashi hadi tope la mwisho. Pia kuna mwamba wa uongo: tabaka gumu la udongo wa mfinyanzi katikati ya kokoto. Dhahabu iliyokuja baada ya udongo huo hukaa juu yake. Anayepita tabaka hilo bila kuosha kokoto zilizolikalia amezitupa hela kwenye kifusi.

Mchanga mweusi nao usitudanganye. Ni mzito, hivyo huonyesha kwamba vitu vizito vinatulia hapo. Lakini mito mingi ina mchanga mweusi na haina dhahabu. Ulanga, yale madini ya magamba membamba yanayometa, hung'aa ukiugeuza juani na kufifia kivulini. Dhahabu rangi yake ni ileile kote. Ukigonga punje kwa nyundo, dhahabu inabapa, lakini pairaiti, madini ya njano yanayofanana nayo, inapasuka.

Sasa hesabu. Ndani ya eneo lenye leseni, au kwa ruhusa ya mwenye leseni, chukua sampuli kila mita 50, pamoja na juu na chini ya kila makutano. Kipimo kiwe kilekile: ndoo ya lita 20. Andika kina, aina ya kokoto na idadi ya punje. Karai moja yenye punje kubwa haithibitishi kitu. Mahali panapoonyesha dalili, osha ndoo 10, ondoa mchanga mweusi kwa sumaku iliyofungwa kwenye nailoni, kisha pima kwenye mizani ya sonara. Tuseme umepata gramu 0.05. Ndoo 50 ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo kokoto zako zina gramu 0.25 kwa mita ya ujazo. Kama kokoto hizo zina unene wa nusu mita na juu yake kuna mita 3 za udongo mtupu, gramu moja itakudai uchimbe mita za ujazo 28: 4 za kokoto na 24 za udongo huo. Hapo kila kikundi kitajua chenyewe kama dizeli itarudi.

Ukipanda na mto ukaona punje zinakuwa na kona kali, pengine zimeshikana na kwatzi, chanzo kiko karibu. Zilizobapa na kulainika zimesafiri mbali. Punje zikikatika ghafla, acha mto. Rudi pale zilipoonekana mara ya mwisho, ukague kijito cha pembeni na udongo wa mteremko ulio juu yake.

Dhahabu ya Lupa, hapa kwetu Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 vijito vile vilioshwa na watu wengi sana. Mkondo wa leo ndio wa kwanza kumalizwa. Mto wa kale ulipita juu zaidi kabla haujakata bonde, ukaacha kokoto za mviringo kwenye kingo zilizoinuka. Kokoto za mviringo juu ya mteremko, mbali na maji, ni alama ya kuheshimiwa kuliko uvumi wowote. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za mto, na kingo hizo za kale mara nyingi ziko nje ya mpaka huo.

Haya yote hayahitaji hata tone la zebaki, ile ya kunasia dhahabu. Nawaomba maofisa madini, wanapokutana na vikundi kuzungumzia leseni, waje na karai, ndoo na mizani, washuke mtoni na kuonyesha sampuli ya ndoo 10 inavyoandikwa kwenye daftari.

Mchimbaji mdogo,
Chunya, Mbeya